Siku Alizokuwa Nazo

Miaka ile nilipokuwa kwenye biro ya utawala ya shirika moja hapa Baraka, juu ya meza yangu nilibandika karatasi yenye herufi nene: kifungu cha 146 cha Sheria ya Kazi ya Kongo, ile namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mfanyakazi akioa, siku mbili za kazi. Mkewe akijifungua, siku mbili. Akifiwa na mke ao mume, mzazi, mtoto, ao mkwe, siku nne. Akioza mtoto, siku moja. Akifiwa na ndugu wa daraja la pili, kama kaka, dada, babu ao bibi, siku mbili. Karatasi inaishia hapo. Baba mdogo hayumo, mjomba hayumo, shangazi hayumo. Orodha hiyo niliijua kwa kichwa kama mtoto wa misioni anavyojua Baba Yetu, na nilijivunia kuijua.

Sheria yenyewe ilitiwa sahihi Kinshasa wiki ileile wapiganaji wa Mai-Mai na waasi wa RCD walipokuwa wakigombania Uvira kwa risasi, kwa hiyo huku kwetu Fizi hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za konje, yaani likizo. Ilitufikia baadaye, polepole, ikiletwa na mashirika. Tangu wakimbizi Warundi walipofunguliwa kambi Lusenda mwaka 2015, magari meupe yaliongezeka barabarani, na vijana waliosoma Kifaransa kidogo kama mimi tukapata kazi ya kukaa kwenye kiti. Nilihesabu mishahara, nilifuatilia mwisho wa kontra, nilipanga safari za wageni waliokuwa wakitoka kwenda kupumzika kila baada ya wiki kadhaa, na nilishika daftari la konje. Daftari ni jina la zamani tu. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na waliokuwa wakilifungua ni mimi na shefu wangu.

Watu wa kwetu hawaombi ruhusa kwa kuingia na kusema. Mtu anakuja saa ya jua kali, biro ikiwa tupu, anauliza habari za watoto, anauliza kama mihogo ya mama imepona ugonjwa, anageuka kama anayeondoka, halafu akiwa mlangoni anasema: "Shefu, niko na neno kidogo." Ukisikia hivyo ujue kuna kilio, ao kuna mtoto amelazwa, ao mahari inapelekwa Mboko. Mwanzoni nilikuwa napenda sana saa hiyo. Baadaye nikaizoea, na kuizoea ndiko kulikoniharibu.

Kwa kuwa kila mtu alikuwa anaiona ile karatasi ya ukutani, kila mtu alijua mjomba hana siku. Basi wajomba wakawa wanakufa wakiwa baba. Katika mafaili yangu palikuwa na dereva aliyefiwa na baba mara mbili, na mwenzetu mmoja wa hesabu ambaye mama yake, tukizifuata karatasi, alizikwa Kazimia kisha akazikwa tena Sebele. Nilitia sahihi zote. Wengine niliwafundisha mimi mwenyewe kwa sauti ya chini: usiandike mjomba, andika baba, watu wa biro kubwa ya Bukavu hawatauliza. Hilo sitaliungama, kwa sababu hata leo sioni kosa lake. Fizi imejaa watu waliolelewa na wasiowazaa. Vita ya mwaka 1996 na ile ya 1998 zilivunja nyumba katikati. Watu wakavuka Tanganyika wakafika Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, na mtoto akaandikwa kwenye kadi ya chakula ya yeyote aliyemshika mkono. Meli zilipoanza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, wengi walishuka bandarini nyuma ya baba mdogo ao shangazi. Mtu kama huyo akifiwa, ukimpa siku nne humpendelei.

Kosa langu ninaloliandika hapa nilimfanyia mtu ambaye hakudanganya.

Alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Umri wake ulikuwa wa baba yangu, lakini aliniita shefu, na mimi nilimwita papa, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa namna yake. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, upepo wa ziwa ukivuma toka asubuhi. Alikuwa amemaliza zamu, koti la mvua begani ijapokuwa mvua haikuwapo, tochi mkononi. Hakusubiri biro iwe tupu. Alisimama mbele ya meza yangu, wenzangu wawili wakisikiliza.

"Shefu, niko na neno."

"Sema, papa."

"Baba yangu mdogo amekufa kule Ubwari. Wamenipigia simu sasa hivi. Wanazika kesho saa sita. Naomba niende."

Nikamuuliza, kama nilivyowauliza wengine ili kuwapa nafasi: "Baba mdogo, ao baba?"

"Mdogo. Baba mwenyewe alikufa zamani, wakati wa vita. Huyu ndiye alinikomalisha."

Nilimpa mlango akakataa kupita. Labda hakuuona, labda aliuona na hakutaka. Nijuavyo sasa, wenzake wa zamu walikuwa wamemwambia njiani aseme baba, naye akawajibu kwamba baba yake walishamlia mara moja na inatosha. Mimi sikulijua hilo. Niligeuza kiti, nikanyoosha kidole ukutani, nikamsomea kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Nikamwambia: "Unaona, papa? Baba mdogo ni daraja la tatu. Hayumo." Nilisema kwa upole. Upole huo ndio unaoniuma kuliko kama ningemfokea, maana ulimfanya aamini kwamba nimetafuta kila mahali nikakosa.

Akaitazama karatasi asiyoweza kuisoma. "Haya, shefu. Asante," akasema, akaenda kulala ili aweze kurudi usiku.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua wakati nikimsomea. Mlinzi huyo alikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini na hakuwahi kuchukua hata siku moja ya konje ya mwaka. Sheria ileile, vifungu vichache tu juu ya 146, inasema kila mwezi mzima wa kazi unampa mtu mzima siku moja ya mapumziko yenye malipo, angalau, na haki hiyo inafunguka akitimiza mwaka. Kwa hesabu ya kibahili kabisa, siku kumi na mbili zilikuwa zimeiva tangu Januari. Daftari lilikuwa wazi kwenye kompyuta asubuhi ileile, nilikuwa nikifunga hesabu ya mshahara, na jina lake lilikuwa kwenye mstari ninaoweza kuuona bila kusogeza chochote. Nilichotakiwa kumwambia ni hiki tu: papa, hiyo ya kilio huna, lakini unazo za mwaka, chukua nne uende. Ningeandika mimi mwenyewe, yeye angetia sahihi, na boti ya saa tano ingemkuta bandarini.

Sikumwambia kwa sababu aliomba kwa jina lingine. Aliomba ya kilio, nikajibu ya kilio. Hivyo ndivyo nilivyojieleza jioni ile, na kwa miezi kadhaa jibu hilo lilinitosha.

Lakini kulikuwa na mengine, na hapa ndipo inanibidi kuvua nguo zote. Wiki iliyotangulia shefu wangu alikuwa amenigombeza juu ya saa za ziada za walinzi; kumwachilia mmoja ghafla maana yake ni kumlipa mwingine usiku mara mbili, na mimi ndiye ningepeleka karatasi hiyo mezani kwake. Halafu konje ya mwaka ilitakiwa kupangwa mapema, na mpango huo ulikuwa kazi yangu, na sikuwa nimeufanya kwa upande wa walinzi hata kidogo. Kumwambia mzee yule kwamba ana siku kungekuwa kuwaambia na wenzake wote, na kila mmoja angeuliza za kwake. Kuna na jambo dogo zaidi, baya zaidi: wale wa hesabu na madereva walijua kubishana, walijua Bukavu, walikuwa na namba ya mtu wa ukaguzi wa kazi. Yeye hakuwa na mtu. Siku ile nilitaka kuwa mwenye msimamo mbele ya wenzangu wawili waliokuwa wakitazama, na nilimpata mtu ambaye kumkatalia hakungenigharimu chochote.

Hata karatasi ya ukutani ilikuwa ushahidi juu yangu. Nilipoitoa kwenye kitabu cha sheria nilikuwa nimepiga kopi ya ukurasa, kisha nikakata kwa mkasi juu ya 146 ili iingie vizuri ukutani. Kilichoanguka chini ya meza ndicho kipande chenye konje ya mwaka.

Alilinda usiku ule mpaka asubuhi. Kulipokucha akaenda bandarini na koti lake, bila kupitia biro. Ukiwa Baraka, Ubwari unauona ng'ambo ya ghuba kama kitu cha kushika kwa mkono, lakini kijiji chao kiko upande wa pili, ule unaotazama Tanzania, na boti lazima izunguke ncha ya rasi mahali ambapo upepo wa kiangazi hauna huruma. Walingoja mawimbi yapungue. Alipofika, watu walikuwa wanatoka makaburini na majembe. Akabaki mpaka matanga yakaondolewa, kama mtoto anavyobaki, kisha akarudi kazini akasimama getini saa yake ya kawaida.

Mimi nilikuwa nimeshaandika. Kutokuwapo kazini bila sababu, usiku tatu, zikatwe kwenye mshahara. Barua ya onyo, kopi kwenye faili. Nilimwita kutia sahihi. Anaandika jina lake polepole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo, na kwa kuwa nafasi niliyomwekea ilikuwa ndogo, herufi mbili za mwisho zikapanda juu ya maneno ya barua. Ninaikumbuka ile karatasi kuliko nyuso za watu wengi niliofanya nao kazi.

Desemba kontra za walinzi zilifika mwisho. Bajeti ilikuwa imepungua, kama kila mara bajeti zinavyopungua Desemba, na ilitakiwa mmoja asiendelee. Shefu akaniambia nilete mafaili. Katika mafaili yote ya walinzi, moja tu lilikuwa na barua ya onyo. Hakuna aliyehitaji kujadili.

Mtu akitoka kazini na konje hakuzichukua, sheria inataka alipwe pesa badala yake. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwenye kompyuta ileile, nilipokuwa nikitengeneza dekonti yake ya mwisho, yaani hesabu ya malipo ya kuondoka, nilifika kwenye mstari wa konje zisizochukuliwa na nikaandika hesabu. Nilikaa nayo muda. Nilifikiria kuichanganya na mshahara wa mwezi ili isionekane peke yake. Sitasema ni dhamiri iliyonizuia. Fomu ilikuwa na masanduku yake na Bukavu wangeirudisha.

Alikuja kuchukua pesa asubuhi, amevaa shati safi. Nikamsomea mistari. Akaweka kidole kwenye ule wa tatu.

"Na hii?"

"Ni konje ambazo hukuchukua, papa."

"Konje gani?"

"Za mwaka. Kila mwezi unaofanya kazi, uko na siku moja."

Akanyamaza kidogo. "Ziko ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

"Na wakati baba mdogo alikufa, zilikuwa wapi?"

"Zilikuwa kwa mashini," nikamwambia, nikaonyesha kompyuta kwa kidevu.

Hakupiga kelele. Aliangalia ile mashini kama mtu anayeangalia jirani aliyemwibia mbuzi, akahesabu dola zake mara moja, akazikunja, akauliza kama tochi na koti anaacha sasa ao arudishe kesho. Nikamwambia aache kwa mwenzake getini. Sikumwomba msamaha. Nilisema, "Mungu akusaidie, papa," maneno ambayo mtu yeyote angeyasema kwa yeyote.

Kwa muda mrefu nilikuwa nakisimulia kisa hiki mezani, watu wakila ugali na ndagala, kama kisa cha sheria. Nilikuwa nasema: tazameni sheria ya Kinshasa, haimjui baba mdogo, haijui Fizi. Watu walitikisa vichwa, mmoja akaongeza cha kwake, na mimi nikatoka kama mtu anayewatetea wanyonge. Sheria ina upungufu wake, sikatai. Orodha ya 146 ingeweza kuandikwa na mtu aliyewahi kukaa kilioni Kivu. Ila siku ile sheria ilikuwa na njia ya kumpitisha yule mzee, tena njia pana, na aliyeisimamia ni mimi. Mwaka huohuo mimi nilichukua konje yangu kwenda Kigoma kwenye harusi ya binamu. Niliijaza mwenyewe, nikaipeleka mwenyewe, na jioni ilikuwa imetiwa sahihi. Binamu naye hayumo kwenye 146.

Mwezi wa pili uliofuata nilipiga chapa orodha ya walinzi, wapishi na wasafishaji wote, kwa Kiswahili, kila jina na siku zake zilizobaki, nikaibandika kwenye kibanda cha getini. Ndani ya wiki mbili nusu ya walinzi walikuwa wameomba konje, shefu akashika kichwa, mpango ukavurugika mpaka Pasaka. Alinilaumu na nililaumika vizuri, kwa sababu mpango ule ulipaswa kuwapo tangu mwanzo. Orodha ilibaki getini mpaka jua likaifuta, nikabandika nyingine.

Kumwendea yule mzee kulinichukua muda zaidi ya kubandika karatasi. Nilikuwa namwona barabarani Mushimbakye akisukuma baiskeli yenye gunia la mkaa. Ananisalimia "shefu", nami nainua mkono huku pikipiki haisimami. Siku niliyosimama, nilimweleza yote hapo kando ya barabara, pamoja na habari ya mkasi. Alisikiliza huku akishika baiskeli isianguke. Akaniambia kwamba siku zile za kwa mashini alizijua palepale alipoziona kwenye dekonti, wala hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alichokuwa hajui ni kwamba mimi nilizijua mapema. "Nilifikiri na wewe ulikuwa hujui," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu: yule kijana hakujua." Akaendelea na safari yake. Sikuambiwa nimesamehewa na sikuuliza.

Mwezi huu amemtuma binti yake kwangu. Yeye mwenyewe hakuja. Binti anafanya kazi dukani, anauza mabati na misumari, anaolewa, na aliogopa kumwambia tajiri wake kwamba anahitaji kukosa. Kabla sijashika kalamu nikamuuliza ana miezi mingapi kazini. Kumi na moja, akasema; ya mwaka bado haijafunguka. Lakini ndoa yake mwenyewe ina siku mbili, na hizo hazingoji mwaka wala hazikatwi mshahara, nikamwonyesha kwenye kitabu kizima, si kwenye kipande. Tukaandika barua ya mistari mitano, tukaiandika kwa Kiswahili, maana tajiri wake ni mtu wa Mboko ambaye Kifaransa chake kinaishia kwenye namba za mabati.